Gari la Mikate Nyuma ya Ukuta

Nilipokwenda kununua gari langu la kwanza, mwenyewe aliniuliza kama mume wangu amenifukuza.

Alikuwa mzee mwenye tanuri la mikate Changamwe, upande wa kuelekea Airport, na gari lile jeupe ndilo alilokuwa akisambazia mikate madukani. Macho yake yalikuwa hayamruhusu tena kuendesha, na wanawe hawakuitaka kazi ya kuamka alfajiri. Nilimwamkia, nikalizunguka gari, kisha nikafungua milango ya nyuma. Rafu za chuma zilikuwa bado zimo, na harufu ya mikate ikanijia usoni.

"Utauza nini, mwanangu?" akaniuliza.

"Siuzi kitu, mzee. Nataka kukaa humu."

"Mumeo amekufukuza?"

"Tuliachana zamani. Naishi kwa mama, Utange. Hakuna aliyenifukuza."

"Sasa mtu mwenye nyumba alale garini kwa nini?"

Nilijaribu kumweleza. Kwa miaka mingi nilikuwa karani katika ofisi ya kusafirisha mizigo, papo hapo Changamwe. Kazi yangu ilikuwa kuandika malori yanakwenda wapi: Malaba, Busia, Kigali, Nimule. Madereva walikuwa wakirudi na vumbi la rangi nisizozijua, wakanisimulia baridi ya huko na milima, nami siku zote nilikuwa kwenye kiti kilekile. Mwenyewe sikuwahi kupita Voi. Ofisi ilipofungwa, tukalipwa haki zetu, nikajiambia kwamba nisipotoka sasa sitoki tena. Nilitaka kwenda polepole, nilale nitakapochoka, nishone nguo za watu njiani kwa cherehani yangu ya mkono ili nipate cha kula.

Mzee alitikisa kichwa, lakini hakunicheka. Fundi niliyekwenda naye aliisikiliza injini, akachungulia chini, akasema haina neno. Jioni ile nikaliendesha gari langu hadi Utange.

Nyumba yetu iko ndani ndani. Mbele yake pana uchochoro unaopitisha pikipiki na mkokoteni tu. Kushoto pameshikana na nyumba ya kaka yangu mkubwa, afanyaye kazi bandarini. Kulia palikuwa na kiwanja kitupu, cha mtu ambaye hatukuwahi kumwona, na hapo ndipo nilipopita, nikaponda magugu hadi uani kwetu, nikaliegesha gari nyuma ya jiko.

Mama alitoka akijishika ukuta. Magoti yake yalikuwa mabaya tangu zamani.

"Umenunua gari la mikate?"

"Naam, mama."

"Na mikate yenyewe i wapi?" akasema, akacheka peke yake, akarudi ndani.

Nililitengeneza taratibu. Seremala alinitolea rafu, akaniwekea kitanda chenye sanduku la nguo chini yake. Nikanunua jiko dogo la gesi na mtungi wa maji, nikashona mapazia ya kitenge. Kila nilipokaribia kumaliza, palizuka jambo: mama ana kliniki, wifi yangu amejifungua, kuna arusi na mimi ndiye mpishi. Nikiingia garini tu, nasikia sauti ya mama kutoka chumbani ikiniita, nami naitika, "Abee," nashuka.

Kisha shangazi yangu wa Likoni akafanyiwa upasuaji. Alikuwa mjane, akiishi peke yake, kwa hiyo nikaenda kumuuguza. Nilikaa kwake hadi kidonda kikapona na akaweza kujichotea maji.

Niliporudi Utange nilipitia njia yangu ya kawaida, ya kukata kiwanjani, nikagongana na ukuta.

Ulikuwa wa mawe, mpya, umenipita kimo. Ndani yake nyumba ilikuwa imekwisha kufika kwenye madirisha. Nikazunguka kwa uchochoroni, nikaingia ndani, nikatokea uani. Gari langu lilikuwa pale pale nilipoliacha. Kulia kwake ukuta mpya, mbele yake jiko, nyuma yake nyumba ya jirani mwingine, kushoto bafu la zamani la nje ambalo halikutumiwa tena. Nilipima kwa macho, nikapima tena kwa kamba ya nguo. Hapakuwa na pa kulitolea.

Mwenye kiwanja alikuwa mwalimu aliyetoka bara, mama mpole aliyevaa kofia ya jua na kusimamia mafundi mwenyewe. Nilimwendea nikiwa na maneno mengi makali. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada, mimi niliuliza," akasema. "Niliona gari, nikauliza ni la nani na linatoka lini. Nikaambiwa ni bovu, limekufa, haliendi popote. Ningejua ningengoja. Lakini sasa, kweli, nivunje?"

"Nani aliyekuambia limekufa?"

Aliinamisha macho. "Kaka yako."

Nilirudi uani, nikaingia garini, nikawasha. Lilikohoa mara moja, kisha likanguruma vizuri. Mafundi walisimamisha kazi wakachungulia juu ya ukuta. Nikakaa nimeshika usukani, injini inaunguruma, na mbele yangu, karibu na kioo, lipo jiko la mama na sufuria zake zimefunikwa. Moshi ulipoanza kuingia nyumbani nikazima.

Kaka alirudi wakati wa magharibi. Nilimkuta barazani anakunywa chai.

"Kaka, ulimwambia mwalimu gari langu ni bovu?"

Hakukana. "Nilimwambia."

"Nawe unajua linakwenda."

"Najua. Ndiyo maana." Aliweka kikombe chini. "Mdogo wangu, mimi natoka hapa hakujapambazuka. Mke wangu ana watoto. Ukienda, mama anabaki na nani? Wewe huna mtu anayekuhitaji huko unakokwenda."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungesemaje?"

Sote wawili tulijua kwamba ningesema nakwenda. Niliondoka bila kumuaga.

Miezi iliyofuata sipendi kuikumbuka, lakini ndiyo iliyo mirefu zaidi katika habari hii. Nilipika, nilifua, nilimpeleka mama kliniki. Mchana, wote wakilala, nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha dereva na kutazama ukuta wa mwalimu ukipigwa lipu. Joto la mle ndani lilinitoa jasho, na harufu ya mikate ilirudi kwenye mabati kila jua lilipowaka. Kuku wa wifi yangu walianza kutagia chini ya gari. Watu wakaja kuniuliza kama nitalikodisha liwe stoo. Mmoja aliniambia kwa nia njema kwamba huenda Mungu ameniepusha na ajali, nikamwitikia "Alhamdulillahi," huku nimekaza meno. Nilijaribu hata kulipenda lilivyo, nikahamia kulala humo. Lakini kitanda cha safari kikiwa hakisafiri, ni kitanda chembamba tu.

Kila jioni nilikuwa nikimkanda mama magoti kwa mafuta ya nazi. Jioni moja akanishika kifundo cha mkono.

"Siku hizi unanisugua kama unasugua sufuria," akasema.

"Samahani, mama."

"Niliusikia ukuta ukijengwa. Kila siku nyundo. Simu ninayo, namba yako naijua."

Sikuwa nimewahi kufikiri hilo.

"Mbona hukunipigia?"

"Nilitaka ukae." Alijifunika kanga magotini. "Lakini nilitaka ukae wewe. Huyu anayekaa hapa simjui, na wallahi ananitisha."

Nililia kidogo, naye akaniacha nilie, hakunibembeleza. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lile bafu la nje, likivunjwa, gari linapita?"

Nyuma ya bafu palikuwa na njia ya kwenda madrasa, pana ya kutosha. Lakini kaka alikuwa amekwisha kusema kwamba pale atajenga vyumba vya kupangisha, na hakuna aliyembishia.

Ijumaa, baada ya sala, mama alimwita kaka tukala pamoja. Alimwambia bafu livunjwe.

"Mama," kaka akasema, "na magoti yako je?"

"Magoti yangu mabaya. Kichwa changu si kibaya. Mnagombana juu yangu na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Akatueleza alivyopanga. Amezungumza na shangazi wa Likoni, naye amechoka kukaa peke yake. Atahamia Utange, wapike pamoja, wasengenyane pamoja. Wifi yangu, aliyekuwa akipakua wali, akasema yeye kumpeleka mama kliniki ataweza, mbona hakuna aliyemuuliza yeye pia. Kaka alimaliza chakula chake, akanawa, akatoka.

Jumamosi tuliamshwa na vishindo. Kaka alikuwa amevua shati, ana nyundo kubwa, anavunja bafu mwenyewe. Alipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilitoka nikaanza kuokota mawe, nikayapanga pembeni, na tukafanya kazi hivyo hadi adhuhuri bila kutazamana. Mwalimu alitupitishia maji baridi juu ya ukuta.

Betri ilikuwa imekufa, tukaazima nyingine. Nilipoanza kurudi nyuma, kaka alisimama njiani akinielekeza kwa mkono.

"Kata kushoto. Kata zaidi. Polepole. Basi, njoo."

Kioo cha pembeni kilikwaruza ukuta wa madrasa, na gari likatoka.

Niliondoka baada ya shangazi kuhamia. Asubuhi ya kwanza niliamkia Voi, kwenye kituo cha mafuta, malori yakipita barabarani. Kabla sijafungua macho nilijisikia nikiitika "Abee," na hakuna aliyeniita. Nililala nikisubiri kuitwa hadi jua likawa kali. Hali ile ilinifuata muda mrefu, hadi Taveta na mbali zaidi. Nilikuwa nikiegesha mahali pazuri, nikakaa kwenye kiti cha dereva na kutazama mbele, mikono juu ya usukani, kama mtu aliyefungiwa.

Sasa imepungua. Kaka alijenga vyumba vyake, kwa hiyo nikirudi Utange naegesha barabarani, karibu na duka la mkaa, natembea kwa miguu hadi nyumbani. Yeye huja kunipokea mzigo. Kuhusu ukuta hatujazungumza tena. Mara ya mwisho alilizunguka gari, akagonga tairi kwa kiatu, akaniambia tairi hilo limechakaa na nilibadilishe kabla ya mvua, kisha akatangulia uchochoroni na mfuko wangu begani.