Simu Iliyouona Ufa

Saa moja na nusu asubuhi Thắm alikuwa ameshasimama mbele ya kibanda cha Khiêm, muuza simu, mkate wa nyama mdomoni, pikipiki hata hajaizima. Saa nne alitakiwa awe nyumbani kwa Bi Sáu akiwa na simu nyingine. Akipeleka tena picha mbovu ofisini, kazi hana.

Na kazi hiyo hakuiokota. Amekulia vichochoroni Saigon akikamua juisi ya miwa na mama yake, shule akaiachia njiani, akabeba abiria kwa pikipiki miaka minne. Kampuni ya kuthamini nyumba ilimchukua kwa sababu hakuna kichochoro asichokijua: yeye aende kwenye nyumba zinazowekwa rehani, apige picha, wenye digrii waandike bei. Miezi mitatu ya majaribio. Mshahara wa kwanza alimnunulia mama feni, mama akalala mbele yake kama malkia.

Shida ikawa simu. Aliinunua zamani kwa kuwa ilimtoa uso laini kama yai lililomenywa. Kumbe na kuta inazilainisha! Picha za nyumba mbili zikarudishwa. Mkaguzi mwingine alikwenda akakuta nyufa za kuingia kidole, na kwenye picha za Thắm ukuta mweupe pee. Bosi akamuuliza mbele za watu, "Wenye nyumba wamekupa ngapi?" Thắm akapiga meza mpaka chai ikaruka. Almanusura afukuzwe palepale. Akapewa nyumba moja ya mwisho, ya Bi Sáu, aliyetaka mkopo wa kununua vyerehani.

"Mjomba, nataka simu ya kupiga picha."

"Karibu binti! Wewe ndiye wa kwanza leo. Nunua, usinitie nuksi."

Hilo kila mtu mtaani analijua. Mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Akishikashika vitu akaondoka mikono mitupu, siku imekufa, na muuzaji anachoma karatasi kufukuza mkosi wake. Mwenye akili zake haendi kujaribu vitu asubuhi. Thắm alijua, ila angekwenda saa ngapi nyingine?

Khiêm akaanza na kamera, lenzi kama kikombe cha kahawa. Thắm akaipima kwa jicho moja. "Uchochoroni hii itanipa mlango tu. Nirudi nyuma mpaka wapi, jikoni kwa jirani? Na ofisi wanataka picha ioneshe saa na mahali. Lete simu."

Zikaja simu mpya, zinang'aa. Nyuma ya rafu kulikuwa na ufa, umetoka darini mpaka kwenye soketi. Thắm akaupiga picha, akaivuta kwa vidole. Ufa haupo. Simu ya pili, haupo. Akaingia kwenye mipangilio, akazima urembo wote. Wapi, ukuta kama bibi harusi.

"We dada, umekuja kununua simu au ukuta wangu?"

"Ukuta wako una ufa, simu zako zinasema hauna. Nani mwongo?"

"Wateja wangu wanataka kupendeza!"

"Mimi siolewi na ukuta!"

Ng'ambo ya njia, mama muuza mikate alicheka mpaka akashika meza. "Khiêm, tafuta kiberiti mapema!"

Simu ya tano ilipogoma, Khiêm kweli akachana kipande cha gazeti, akatoa kiberiti. Damu ikampanda Thắm.

"Choma! Choma na kibanda chenyewe! Mimi leo nafukuzwa kazi kwa kuitwa mwongo, wewe unalilia nuksi!"

Sauti ikamkatika mwishoni. Khiêm akabaki na njiti mkononi. "Mwongo kwa lipi?"

Akamweleza, huku anafuta pua kwa mkono. Khiêm akaiweka njiti mezani. Akatoa mfukoni simu yake mwenyewe, kizee, mgongo umepasuka, umefungwa rababendi. Akaupiga ufa picha. Akavuta.

Ufa ulikuwepo wote, mpaka buibui aliyejibanza ndani yake. Thắm akainyakua, akainama chini ya meza kwenye giza, akapiga mita ya umeme. Namba zote zikasomeka.

"Hiyo haijui kuremba watu," Khiêm alisema.

"Unaiuza?"

"Siuzi. Ina namba za wateja wangu wote." Akaliangalia lile gazeti. Akamwangalia Thắm. Kisha akachukua pini, akachomoa laini yake. "Nipe yako, ongeza kidogo. Namba nitazitafuta. Na ufute kioo kabla ya kila picha, vidole vyako vina mafuta ya mkate. Nenda!"

Nyumba ya Bi Sáu ilikuwa nyembamba kama droo, ndefu mpaka giza. Madhabahuni kwa wazee waliotangulia bibi akawasha ubani kwanza, ndipo Thắm akaruhusiwa kupiga. Chini ya ngazi wakafika kwenye ufa.

"Mwanangu, huo uruke."

"Bibi, nikiuruka mkopo wako hautoki, na mimi kazi sina. Shika tochi."

Bosi aliikuza picha ya ufa kwenye kompyuta. Halafu mbele ya watu walewale akasema, "Picha ndiyo hii. Juzi nilikukosea." Akasaini ajira. Bi Sáu mkopo ulipungua kidogo, lakini vyerehani viwili alipata.

Asubuhi iliyofuata, Khiêm anafungua tu kibanda, akamkuta Thắm amesimama. Akashtuka. "Umerudi na ugomvi?"

"Nataka kava. Pesa hii hapa, sijashika kitu."

"Basi jana mkono wako ulikuwa mwepesi, wa bahati, binti. Wateja mpaka jioni, sikukaa chini!"

Tangu hapo Thắm ndiye anayemfungulia siku. Na mwaka mpya unapoingia Khiêm humpigia mwenyewe, aje awe wa kwanza kabla mtu yeyote hajakanyaga. Droo nyumbani imejaa kava za simu asizokuwa nazo. Mama alimuuliza siku moja kama amerukwa na akili.

"Acha tu, mama," Thắm akamwambia. "Yule mzee alikuwa ameshashika njiti, na hakuiwasha."