Breki za Tela ya Kijani

Oili ya breki ina harufu yake, na aliyekulia nyumba yenye gari huitambua kabla hajaiona. Haichomi pua kama petroli wala si nzito kama grisi. Ni harufu tamutamu yenye uvundo wa mbali, kama dagaa waliomwagikiwa sukari. Nikipita asubuhi kwenye gereji za mtaa wa Mwanga na fundi amefungua kikopo chake, huongeza mwendo bila kupenda. Wenzangu hudhani naogopa kuchafua baibui. Ninyi nitawaambia ukweli, maana jambo hili nimelibeba muda mrefu na mgongo wangu si ule tena.

Baba yangu alikuwa na pikapu kuukuu na tela ya kubebea boti. Kazi yake ilikuwa kupanda hadi Kidahwe, kwa fundi seremala aliyeunda boti kule kwa sababu mbao zilikuwa jirani, kisha kuzishusha hadi mwaloni kwetu Ujiji na kuziingiza ziwani. Mungu hakumpa mtoto wa kiume. Alimpa mabinti watatu, na mimi Mwavita ndiye wa kwanza, kwa hiyo tangu nikiwa na miaka saba nilikuwa utingo wake kila shule ilipofungwa. Wanaume wa mwaloni walinitania kwamba nitaolewa na jeki. Mimi nilijiona mtu mkubwa kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Tela ile ilikuwa na breki zake yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba kuna tela za namna hiyo. Hudhani gari likisimama, tela nayo husimama kwa heshima. Baba alinifundisha kwa kunisimamisha mbele yake pale uani na kuniwekea kiganja mgongoni.

"Wewe gari, mimi tela. Tembea," akasema. "Haya, simama."

Nilisimama, naye akaendelea kuja, nikaenda kuangukia kuku wa mama.

"Umeona? Tela haina akili. Gari likisimama, yenyewe bado inataka kwenda. Sasa kule kusukuma kwake ndiko kunakofunga breki zake."

Akanionyesha pale mbele, tela ilipoungana na gari. Palikuwa na mhimili wa chuma unaoteleza ndani ya bomba. Gari likipunguza mwendo, tela husukuma, mhimili huingia ndani na kuikandamiza oili. Oili hukimbia kwenye mrija mwembamba hadi magurudumuni, na huko vipande viwili vilivyopinda hutanuka na kuibana dramu ya gurudumu. Baba alikuwa na msemo wake, akiurudia hata kwa abiria wasiomuuliza: "Gari huenda kwa injini, watu hufika kwa breki."

Ila breki za aina hiyo zina ukaidi wao. Ukiirudisha tela kinyumenyume kwenye mchanga, mhimili nao huingia ndani, breki zinajifunga, na tela inakataa kuingia majini. Ndiyo maana palikuwa na tundu, na pini ya chuma ndefu kama kidole changu. Pini ikiwa tunduni, mhimili hauwezi kuteleza, na tela inarudi nyuma bila ugomvi. Lakini ikiwa tunduni, tela haina breki. Kuiingiza na kuichomoa ilikuwa kazi yangu, na kabla ya kuingia barabarani ilitakiwa iwe mfukoni mwangu.

Zamani ukaguzi ulikuwa wa sehemu mbili. Kwanza Baba aliniuliza pini iko wapi, nami nilimwonyesha. Kisha aliinua gurudumu moja kwa jeki, mimi nalizungusha kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote, naye anausukuma mhimili ndani kwa mtaimbo. Gurudumu lilisimama ghafla, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Nilikuwa nacheka kila mara, na Baba alikuwa anacheka kwa kuwa mimi nacheka. Nasema haya ili mjue kwamba nilimpenda.

Halafu ukaja mwaka ambao magurudumu yalianza kunata. Kila tulipoingiza boti majini tulikuwa tunayazamisha, na ziwa letu halina chumvi lakini lina mchanga, na maji ni maji. Tela ikawa inaburuzika hata barabara tambarare, magurudumu yakitoa moshi, na Baba anatukana kwa Kiha ili mama asielewe, na mama ni Muha. Siku moja karibu na Ramadhani aliipeleka tela nyuma ya nyumba na Baba Mdogo, akaniambia nikamsaidie mama kuchambua mchele. Nilikasirika sana. Kesho yake alinibembeleza kwa kopo la rangi ya kijani na brashi, tukaipaka tela yote, yeye juu, mimi chini kwenye mirija na miguu ya chuma. Hiyo ndiyo mara pekee ilipopakwa rangi.

Tangu siku hiyo hakuinua tena gurudumu. Aliniuliza tu, "Pini iko wapi?" Nikijibu, "Ninayo," yeye husema, "Haya, twende." Mimi nilidhani nimepandishwa cheo.

Sasa niwaambie kuhusu Baba Mdogo. Aliitwa Hamisi, mdogo wake Baba wa tumbo moja, mvuvi wa dagaa mwenye miguu isiyotulia. Kwenye ngoma za harusi watu walimfanyia duara acheze peke yake. Mwaloni kwetu palikuwa na desturi kwamba boti mpya haisafirishwi tupu. Lazima mtu aketi ndani tangu kwa seremala hadi iguse maji, kwa sababu wazee walisema chombo kilichofika kitupu kitavua kitupu. Dereva yeyote wa mahali pengine angekataa kumpakia mtu juu ya tela. Kwetu, kukataa ndiko kungekuwa wazimu. Na aliyeketi siku zote ni Baba Mdogo, akiwasalimia watu wa njiani kama bwana harusi: "Shikamooni, watu wa nchi kavu!"

Siku yenyewe, nami nina miaka tisa, tulifika Kidahwe mchana. Niliingiza pini, Baba akarudi kinyumenyume hadi ndani ya uwanja wa seremala, wanaume wakaipakia boti na kuifunga kamba. Mke wa seremala akaniita jikoni, akanipa mahindi ya kuchemsha, ya moto, yenye chumvi. Nikiwa katikati ya gunzi nikasikia gari limewashwa.

"Mwavita! Pini iko wapi?"

"Ninayo, Baba!" nilijibu, na mdomo umejaa. Sikugusa hata mfuko. Nilikimbia nikaingia mbele, tukaondoka, na nyuma Baba Mdogo alikuwa tayari ameanza salamu zake.

Barabara ile ilikuwa bado ya vumbi. Tuliposhika ule mteremko mrefu, alitokea mtu anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, akakatiza njia bila kutazama. Baba alikanyaga breki. Nilisikia tunasukumwa kutoka nyuma, msukumo ule ule wa kiganja pale uani, safari hii wa mbao mbichi na chuma. Gari likaenda upande, tela ikatukimbilia ubavuni, kamba zikakatika. Boti ilianguka kichwa chini kwenye mfereji. Mwenye baiskeli alipona hata mkaa wake haukumwagika.

Baba Mdogo alikuwa chini ya boti. Watu wakatoka mashambani, wakaiinua pamoja na Baba, na mimi nilisimama barabarani na gunzi langu mkononi. Sitaeleza nilichokiona. Hospitali walimkata mguu wa kushoto juu ya goti.

Askari wa barabarani alipofika, Baba alimwongoza hadi mbele ya tela. Pini ilikuwa tunduni. Baba aliichomoa, akainyanyua watu wote waione.

"Nilimuuliza," alisema. "Akanijibu anayo. Ninyi mashahidi, mtoto alijibu anayo."

Askari alinitazama, akatikisa kichwa. "Mtoto ni mtoto," akasema, akaandika, akafunga daftari.

Hakuna aliyenipiga. Ningepigwa ningelia yakaisha. Badala yake nikawa yule aliyesahau pini, na shuleni, kisimani, hata madrasa walinijua hivyo. Nikajipa adhabu mwenyewe. Nilimtekea maji Baba Mdogo kila alfajiri kabla ya shule, nikampashia ya kuoga, nikambebea kigoda chake hadi mwaloni alikokaa siku nzima akishona nyavu za watu ambao zamani alikuwa anavua nao. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ule wangu waliuona mwepesi sana, wakanizoea nao.

Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, nilisema siendi, nani atamtekea Baba Mdogo maji? Walimu walikuja nyumbani mara mbili. Mama alilia. Baba hakunibishia hata kwa neno moja. Alisema, "Kama ndivyo anavyoona mwenyewe, mwacheni." Nilimshukuru moyoni kwa kunielewa.

Mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na mitano, nilipiga magoti mbele ya Baba Mdogo nikamwomba msamaha. Sindano ya nyavu ilisimama mkononi mwake. Akaniita mwanangu, kwa Kiha: "Mwana wanje, si pini ile." Nilidhani ananipoza, kama watu wazima wanavyowapoza watoto. Kesho yake nilimtekea ndoo tatu badala ya mbili, naye akazipokea. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya ajali, na nilimtekea maji mpaka yale ya kumwoshea maiti.

Miaka ilienda. Nikaolewa, nikaachika, nikafungua genge langu la dagaa. Baba alizeeka, akapooza upande mmoja, nami nikarudi nyumbani kumuuguza kwa kuwa wadogo zangu wako mbali na wana kazi zao za watu waliosoma. Tela ilikuwa bado imeegeshwa bandani. Mwaka juzi nikaamua kuiuza, na mnunuzi akaja na fundi wake, kijana mpole aliyeniita dada. Aliondoa magurudumu, akagongagonga dramu ya kwanza mpaka ikatoka.

"Dada, humu hamna kitu."

Akafungua ya pili. Ilikuwa tupu vilevile, kutu tu. Akaingia chini na tochi, akanionyesha mrija wa oili, karibu kabisa na mhimili. Ulikuwa umebanwa kwa koleo ukalala bapa, oili isipate pa kupita.

"Mtu kaviondoa vile vya kubana halafu kaziba mrija," alisema. "Tela ya namna hii, pini uitoe usiitoe, ni mamoja. Haina breki."

Nilimwomba tochi. Juu ya pale palipobanwa rangi ya kijani ilikuwa imepita, nene, yenye alama za brashi iliyoshikwa na mtu asiyejua kupaka, brashi yangu ya siku ile kabla ya ajali. Niliketi chini kwenye vumbi la banda, na yule kijana akadhani nimesikitika kwa sababu bei imeshuka.

Baba nilimkuta barazani kwenye mkeka wake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Wamenunua?"

"Vile vya kubana vya kwenye breki za tela ulivitoa lini?"

Aliomba maji. Nikampa, akanywa polepole.

"Vilikuwa vinanata," alisema mwishoni. "Vipya mpaka vije na treni kutoka Dar, na watu wanataka boti zao. Nikasema navitoa kwa muda. Hamisi alinimulikia taa, yeye mwenyewe alijua."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa mtoto." Alishangaa kidogo kwamba sielewi. "Mimi wangenifunga, Mwavita. Mngekula nini? Mtoto nani atamfunga?"

Alilisema hilo bila haya, kama mtu anayeeleza kwa nini alipita njia ya mkato. Na ni kweli, hakuna aliyenifunga. Nilikuwa huru kuamka alfajiri, huru kuikataa shule, huru kumpigia magoti mtu aliyejua. Kosa langu lilikuwepo. Nilisema ninayo na sikuwa nayo, na hilo silikani. Ila halikumkata mtu mguu. Watu wazima wawili walilijua hilo. Mmoja alinipa nusu ya ukweli akaendelea kupokea maji, mwingine hakunipa hata hiyo nusu. Baba Mdogo nimejaribu kumsamehe, maana alilipa kwa mguu wake. Tena namkumbuka akicheza.

Nikiwa mtoto niliamini kwamba kila safari Baba alikuwa anaikagua tela. Tangu ipakwe rangi hakukuwa na cha kukagua. Alipouliza swali lile alikuwa ananikagua mimi, kama bado nipo wa kujibu na wa kubeba lawama.

Namwogesha, namlisha uji, namgeuza kila saa asipate vidonda. Majirani husema Mwavita ana moyo. Wiki iliyopita, nikimfuta kidevu, alinishika mkono kwa ule wake unaofanya kazi.

"Mwanangu, umenisamehe?"

Nilitafuta jibu zuri. Nikakuta katika nyumba ile tumekwisha kuambiana majibu mazuri ya kutosha.

"Bado, Baba," nilisema.

Akaachia mkono wangu, akageuzia uso ukutani. Nikamfunika shuka mpaka mabegani, nikatoka nje na bakuli la uji, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka tisa sikuona kwamba nimemkosea mtu.