Chupa Aliyopewa Kemunto Kuosha

Harufu ya mafuta ya taa hunitia hasira hadi leo, ingawa mafuta yenyewe hayana kosa. Nikiyanusa, nauona mto uliopita chini ya shule yetu, Nyamira, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na sisi wasichana tumechuchumaa tukisugua chupa za maabara kwa mchanga na magome makavu ya mgomba. Hiyo ndiyo ilikuwa kemia yetu. Wavulana walibaki ndani na mwalimu, wakikariri chati ya elementi kwa sauti iliyotufikia: “Lithiamu, sodiamu, potasiamu! Ukishuka safu, ukali unazidi!” Sisi tuliitikia tukicheka, kama wimbo wa kanisani. Labda nasi tulikosa, hatukuuliza maana.

Siku hiyo mwalimu alimpa dada yangu Kemunto chupa ya mafuta ya taa yenye vibonge vya kijivu chini. “Mwaga, uoshe vizuri,” akasema, bila hata kuitazama. Lakini kwetu mafuta ya taa hayamwagwi. Kemunto akayakinga kwenye kichupa chake.

“Leo kina Kemunto watakula wakiiona mboga!” mwenzetu mmoja akatania.

Kisha Kemunto akaizamisha ile chupa mtoni. Ukatoka mlio, ukafuata mwali wa zambarau, halafu ukelele wake.

Nitende haki: mwalimu alikuja mbio, akalichana shati lake mwenyewe akamfunga mkono. Lakini kule ofisini mwalimu mkuu alikiinua kile kichupa, akasema, “Huyu ni mwizi. Na asiyejua maana haambiwi maana.”

“Mwalimu, si wewe uliyemwambia amwage?” mama, aliyekuwa ameitwa shuleni, akamuuliza yule wa kemia.

Akatazama viatu vyake. Kemunto akafukuzwa shule. Je, aliiba? Nimejiuliza miaka yote, na sina uhakika. Ila kama kuokoa kilichoagizwa kumwagwa ni wizi, basi mama zetu wote walikuwa wezi.

Siku hizi wasichana wako ndani. Likizo iliyopita mjukuu wangu alitufungulia chati ile ile. “Lithiamu ikiingia majini hutokota taratibu, sodiamu hukimbia juu ya maji, potasiamu huwaka. Ndiyo maana huhifadhiwa ndani ya mafuta.”

“Yangu iko wapi?” Kemunto akauliza.

Mtoto akamwonyesha. Dada yangu, ambaye amechuma majani chai maisha yake yote kwa mkono mmoja, akaweka kisiki cha kidole juu ya kisanduku cha potasiamu.

“Ni maneno hayo tu?”

“Hayo tu, nyanya.”

“Yangesemwa yakaisha,” akasema, “kabla sijatoka mlangoni.”