Kabla ya Jiwe

Nesi wa zahanati huvua ndala mlangoni hata nyumba ikiwa ya udongo, na viganja vyake hunukia mafuta ya karafuu. Wengine wakija kumwona Triyono husimama mbali. Yeye hukaa chini, goti kwa goti na kijana huyo ambaye tangu mavuno anasikia sauti zikimtukana, na kuongea naye polepole kama anayebembeleza mtoto. Kwa hiyo Sulastri, mama wa kijana, alishtuka siku alipomsikia nesi akifoka.

Mzee Wiryo, mkuu wa mtaa, alikuwa amekuja na mnyororo begani. "Jana kampiga kijana Karjo jiwe. Tumfunge kabla hajaua mtu!"

"Na kabla ya jiwe, mzee, kulitokea nini?"

"Aa, vijana walimtania tu."

"Walimtania!" Nesi akazitenganisha nywele za Triyono, donda likaonekana. "Huu ndio utani wenu? Siku ya tano hajalala. Vidonge vyake umevitupa mtoni, ukamletea mganga wa kumchapa fimbo. Sasa karusha jiwe, unashangaa?"

Sulastri alitazama chini. Miezi yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza nani alianza. Nesi akatoa fomu, na penye swali la mambo yanayoweza kumfanya mgonjwa awe hatari akaandika: kukosa usingizi, kukosa dawa, kipigo. Kalamu akaiacha palepale, baada ya neno kipigo. Kisha akainua macho.

"Wiryo inaanza na W, siyo?"

Mzee akaushusha mnyororo, akauliza kwa sauti ndogo fomu hiyo inapelekwa wapi.