Harufu Ikiisha kwa Nassib

Nassib anapiga rangi pikipiki hapa Mpanda, ubavuni mwa duka langu la vipuri, na ukimsikia akijisifu utadhani jua kaliwasha yeye. Kazi yake yote inategemea jua la mchana. Tangi likishapigwa msasa linatolewa nje saa sita, anachanganya rangi na thina, bomba la kupulizia linafoka, na rangi inakauka mwenye pikipiki akimalizia chai. Mafundi wote wa mtaa huu wanafanya hivyohivyo. Wateja wa Majimoto wanakuja na pikipiki zilizochakaa kwa matope ya mpunga, na wanataka kuondoka na kitu kinachong'aa, leo hiihii.

Mimi thina inaniumiza kichwa, na nimemwambia mpaka nimechoka. Jibu lake ni moja. "Jirani, vumilia kidogo, harufu itaisha."

Kweli inaisha. Hiyo ndiyo iliyotuponza.

Binti yake Bushra ana pumu. Kiangazi kilichopita, mashamba yalipoanza kuchomwa na anga likawa la kijivu, kifua kilianza kumsumbua. Nassib na mkewe Mwanaiddi wanaishi nyuma ya karakana, kwa hiyo waliamua kama ambavyo hata mimi ningeamua: mtoto aende kwa shangazi yake Hadia, nje kidogo ya mji upande wa magharibi, akae huko mpaka mvua zinyeshe. Huko hakuna fundi wa rangi wala harufu ya thina. Kuna miti na uwanja mpana.

Akazidi kuumwa. Asubuhi anaruka kamba na watoto wa Hadia, alasiri amekaa kitako, mabega yamepanda, anaitafuta pumzi. Siku moja Hadia alipiga simu akilia. Nassib aliliacha bomba likimwaga rangi chini, nikampakia kwenye pikipiki yangu, tukaondoka mbio. Tulimkuta mtoto midomo imebadilika rangi, hawezi hata kumalizia neno "baba". Niliogopa jamani.

Hospitalini tulimkuta daktari Emelyne, mzaliwa wa Mishamo, sauti yake ya upole lakini hana mchezo. Alimwekea mtoto dawa ya kuvuta kwanza, maneno baadaye. Sisi tulisimama ukutani tukikitazama kile kifua kidogo, na Nassib alikuwa akipumua kwa nguvu kana kwamba anamsaidia. Kilipoanza kutulia, daktari akageuka.

"Inambana saa ngapi?"

"Mchana ukigeuka, daktari. Alasiri."

"Nyie mnafanya kazi gani?"

"Napiga rangi pikipiki. Lakini yeye hakai kwangu, nimempeleka magharibi huko, kwa dada yangu."

"Na upepo wa kiangazi unaelekea wapi?"

Nassib akanyoosha mkono kuonyesha magharibi, na mkono ukabaki hewani.

Daktari akatueleza. Ndani ya thina na petroli mna kemikali kama toluini na zailini, na hizo ndizo zinazonukia. Zikipanda hewani, jua kali linazipika pamoja na moshi wa pikipiki na wa mashamba yanayoungua. Kwa saa chache, upepo ukizisukuma, inazaliwa gesi ya ozoni, pamoja na chembechembe ndogo zisizoonekana kwa macho.

"Ozoni si ndiyo inayotukinga na jua?" nikauliza, maana nami shule nilikwenda.

"Hiyo ni ya juu kabisa, kaka. Hii ya chini inachubua mapafu. Harufu ya thina ikiisha, msidhani imeondoka. Imegeuka kitu kingine." Akamtazama Nassib. "Sisemi ni rangi yako peke yake. Ni mafundi wote, ni pikipiki zote, ni moto wa mashamba. Ila mtoto mlimpeleka kulekule inakoangukia."

Nassib alilia mbele yangu.

Bushra alipopata nafuu tulikwenda kwa Hadia kuchukua nguo zake. Hadia alikuwa ameshazifunga. Watoto wake walikaa mlangoni, na mdogo alikuwa akikohoa.

"Bushra unamrudisha, kaka, sawa," alisema. "Hawa wangu niwapeleke wapi?"

Kesho yake saa sita kijana wa bodaboda, Patrick, alikuja na tangi lake, limeshapigwa msasa tayari.

"Rudi jioni, jua likizama," Nassib akamwambia.

"Jioni? Bro, si naenda zangu kwa Farhan hapo?"

"Nenda."

Akaenda. Ng'ambo ya barabara bomba la Farhan likaanza kufoka, na ile harufu ikatufikia. Nassib alikaa kwenye benchi la wateja, mikono mitupu, akiinusa. Ilipoisha kabisa alitoa simu.

"Dada," alisema, "huku harufu imeisha. Waingize watoto ndani."