Mgagani wa Nyuma ya Kambi

Nakumbuka asubuhi moja kule Mbololo, mwanangu, nilipoepua sufuria ya uji motoni kwa mikono mitupu, nikaiweka chini taratibu kana kwamba ni ya maji baridi. Nyanya yangu, aliyekuwa akipepeta mahindi, aliacha ungo. Aliitazama mikono yangu, kisha akanitazama usoni.

"Mjukuu wangu, hujasema hata 'aa'," alisema. "Vidole hivi vilikufa lini?"

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana mwenye haya, nikikata mkonge na kulala kambini katika shamba moja huko chini upande wa Voi, na siku hizo nilikuwa nimerudi kwa nyanya kwa mapumziko. Ganzi ilikuwa imepanda polepole kutoka ncha za vidole, nami nimenyamaza. Nilihofia wataniita mkoma, nitengewe kikombe. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nyanya hakunigombeza kwa ganzi. Aliniuliza nakula nini kambini. Nikamwambia ugali wa posho na chai ya rangi. Akauliza, kwani mgagani hauoti huko? Nikajibu kwamba umejaa tele nyuma ya vibanda, ila twawaachia mbuzi. Wenzangu waliuita mboga ya wajane. Hapo ndipo aliponikemea.

"Ule uchungu wake ndio unaolinda mishipa. Mlinzi wenu mnampa mbuzi?"

Akawa ananichemshia majani, nikala. Mengine akayaponda, akanisugua vidole. Wala hakunidanganya. Alisema mgagani hulinda hisia iliyobaki. Iliyokwisha kwenda, hakuahidi kuirudisha. Kisha akanipeleka zahanati mwenyewe, akaketi mlangoni na kikapu chake mpaka daktari aliposema si ukoma, ni mishipa ya fahamu iliyodhoofika kwa kukosa lishe.

Vidole viliamka kimoja kimoja, isipokuwa hivi viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto. Mpaka leo nikishika kikombe, havijui moto wala baridi. Hivi ndivyo vilivyolipia haya zangu.

Kwa hiyo, mwanangu, usilidharau jani chungu linaloota nyuma ya nyumba yako, wala usilitegemee peke yake. Mboga ina kazi yake na daktari ana yake. Na mwili ukinyamaza, wewe sema. Sema ungali unahisi.

Mungu akujalie mikono inayoujua moto, na mtu wa kuacha ungo wake ili akutazame.