Kalundu ya Hjulsta

Enzi zetu sisi watoto wa Hjulsta, simu ilikuwa ya kupigia tu, tena ya mama, na ukitaka kujua njia ulifungua mdomo ukauliza. Leo kijana amezaliwa hapa hapa, anakwenda kununua maziwa macho yako kwenye ramani ya simu. Inamwambia pinda kushoto, anapinda, anagonga nguzo. Sicheki sana lakini, maana mimi mwenyewe shule niliiacha nusu, na mwalimu wangu wa jiografia akisikia naandika habari za mitaa ataomba likizo ya ugonjwa.

Kwa asiyejua, Hjulsta ni mtaa wa huku Uswidi, mwisho wa treni ya bluu. Mwisho kabisa, mbele ni mwamba. Baba alipapendea hapo. Alikuwa anasafisha maofisi mjini, akirudi analala kwenye treni fofofo. Alikuwa anasema, "Huku hata ukilala kama maiti, hupitilizi."

Shuleni tulifundishwa kwamba zamani pale palikuwa mashamba, halafu pakawa uwanja wa mazoezi ya askari, halafu wakajenga haraka haraka maana Waswidi walikosa nyumba. Waswidi wakakaa, wengi wakahama, tukaingia sisi: Wasomali, Wakurdi, Wagambia, Wakongo. Kiswidi chetu kikawa kama sombe ya sherehe, kile kisamvu chetu, humo mna kila kitu. Neno la Kituruki, la Kiarabu, la Kisomali, na Kiswidi chenyewe ndiyo chumvi.

Nilikuwa mdogo bado Tate alipoletwa kutoka Uvira, kwetu Kongo. Tate ndiyo nyanya, mama yake baba. Alifika kwenye baridi, akawekwa kiti dirishani, koti la mama juu ya kitenge, akawa anaangalia majengo yaliyofanana kama mayai ya trei moja. Nikamsomea ile historia ya shule ili nijisifu. Alishika kitu kimoja tu.

"Askari? Na hao askari, waliondoka kweli?"

Mama Furaha, naye mtu wa Uvira, alikaa upande wa pili wa barabara kubwa, na kila Jumatano akina mama walisali kwake. Tate alitaka kwenda mwenyewe, siyo kupelekwa kama gunia baba akipata nafasi. Baba akakataa.

"Mama, hutoki peke yako. Hata jina la barabara hulijui."

"Nilikimbia vita weye uko mgongoni. Leo miye siwezi kuvuka barabara?"

"Hapa siyo Uvira, mama."

Tate akanyamaza. Sasa, kama ulimjua Tate, utajua kwamba kunyamaza kwake ni ugonjwa. Sahani ikawa inarudi jikoni na fufu yake, ugali wa muhogo haujaguswa. Mama akaanza kunong'ona, "Huyu mama atatufia dirishani."

Dada yangu mkubwa, Yaya Neema, ndiye mwenye akili kwetu. Mimi nilipata meno. Akasema, kama hapa siyo Uvira, basi tupapake Uvira. Tukawa tunatoka na Tate jioni, tunavipa vitu majina. Kituo cha treni kikawa Kavimvira, maana Kavimvira ni mpakani, ndiko wageni wanakoingilia. Chumba cha kufulia cha jengo letu kikawa Mulongwe, mto ambako akina mama wanafua nguo. Ile njia inayopita chini ya barabara kubwa, upepo unakimbia humo kama maji, ikawa mto Kalimabenge: ukivuka tu, umefika kwa Mama Furaha. Na duka la Kaka Azad, Mkurdi aliyeuza bamia, unga wa muhogo na samaki wakavu, hilo likawa Kalundu. Kalundu ni bandari, kila kizuri kinashukia pale.

Tate akaanza kula. Na sisi tukazoea. Tukicheza mpira kwenye theluji, ni "Tukutane Kalundu!" mpaka rafiki yangu Liban, Msomali, akawa anaita hivyo hivyo, na wenzake, na wadogo zao. Tate naye akaokota lugha ya vijana. Siku moja kwenye maombi akasimama kutoa ushuhuda: "Wallah, Yesu ni mwema!" Mama Furaha akamwaga chai.

Halafu ikafika ile Jumatano. Wakubwa wako kazini, sisi shule, Tate akachukua Biblia yake akatoka. Kwenda alifika. Kurudi, theluji ilikuwa imemwagika, imefunika kila kitu, akaipita Kalimabenge bila kuiona.

Tulipofika nyumbani tulimkuta baba nje, na ndala miguuni, kwenye theluji. Kiti cha dirishani kitupu.

"Akipatikana," baba akasema, "mlango huu naufunga, na ufunguo nauvaa shingoni."

Tukakimbia. Hatukufika mbali. Tate huyo anakuja, mkono mmoja kashikwa na Liban, mwingine na Kaka Azad mwenye aproni yake, nyuma kundi la watoto, mmoja kabeba Biblia. Tate alikuwa amesimama kwenye kona akamuuliza mtoto wa kwanza aliyepita: "Kalundu?" Mtoto akanyoosha kidole. Kona ya pili, "Kalundu?" Ndipo Liban akamshika mkono. Kuchelewa kote kule ilikuwa chai ya dukani.

Baba akafungua mdomo agombe. Tate akamuwahi.

"Miye sijui jina la barabara. Weye unalijua. Haya, nani hapa anakujua weye?"

Kaka Azad akamtazama baba kuanzia kofia mpaka ndala, akaniinamia, akaniuliza kwa Kiswidi, "Samahani, huyu ni nani?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji. Kesho yake jioni simu ya mama ikalia, ni baba anatoka kazini. "Wekeni maji ya fufu. Nimefika Kavimvira."

Tate alitembea peke yake mpaka miguu ilipomwambia basi. Sasa amelala kwenye misonobari. Mimi nimehamia Upplands Väsby, mji wa jirani, na baba ndiye mzee wa dirishani. Juzi juzi, barafu imejaa njiani, nilimkataza kutoka peke yake. Nilipofika na binti yangu, kiti kitupu, na ndala hazipo mlangoni. Nikapiga simu.

"Baba, uko wapi?"

"Kalundu."

Binti akatafuta kwenye ramani yake, akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake: "Pappa, ni Kongo! Babu amefikaje na ndala?"

Maneno ya mlango na ufunguo yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Nikayameza. Nikamwambia aweke simu mfukoni, aulize watu. Vijana wa kwanza walikuwa na vitu masikioni, hawakumsikia. Wa pili wakamtafutia kwenye simu, wakampa Kongo ile ile. Kaka Azad aliuza duka zamani, siku hizi pale wanatengeneza simu.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kisomali, mzee, anasukuma toroli lake la kutembelea.

"Kalundu?" binti akauliza, kwa aibu.

Yule mama hakusimama hata. Akanyoosha kidole.